Vuta, Njoo

Mwalimu wa filamu alikuwa na kiberiti, na kiberiti hicho kiliogopwa darasani kuliko mtihani. Mwanafunzi aliposimama kunadi hadithi yake, Mwalimu aliwasha njiti, akaishika wima mbele ya pua yake mwenyewe, na mnadi alitakiwa awe amemaliza kabla moto haujashuka vidoleni. Ukirefusha maneno, anayeungua ni yeye. Hakuna anayependa kumuunguza mwalimu wake, angalau si mwanzoni mwa kozi, kwa hiyo watu walijifunza haraka kukata maneno.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha juu ya duka la vifaa vya shule. Lilikuwa na viti vya plastiki na pazia lililobandikwa kwa gundi ya karatasi ili mwanga usiharibu picha ukutani, na chini ya sakafu mashine ya kutoa nakala ilinguruma bila kuchoka. Waliokuja hapo jioni baada ya kazi walitaka kujifunza kutengeneza filamu fupi za maisha halisi, zile zisizo na mwigizaji, mtu anaonyeshwa akiwa yeye mwenyewe na shughuli zake. Alikuwemo dereva wa ambulansi aliyetaka kusimulia king'ora chake. Alikuwemo nesi mstaafu ambaye hakujua anataka kusimulia nini, ila hakukosa hata siku moja. Na alikuwemo Kibanio.

Kibanio alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Aliuza miwani katika duka la mtaa wa pili, na kutwa nzima alikuwa akiwauliza watu wanaona herufi gani. Jina alilipata utotoni, katika duka la mama yake aliyekuwa dobi, kwa sababu alipenda kuchezea kapu la vibanio vya nguo, na kwa sababu akishamng'ang'ania mtu gauni hamwachii. Jina la kwenye cheti lipo, lakini ukilitaja mtaani kwao watu watakuuliza unamtafuta nani.

Siku yake ya kwanza ya kunadi alisimama na maneno aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha dukani. Njiti ikawaka. Akasema kwamba mama yake ni dobi wa mkono, kwamba duka lilikuwepo kabla yeye hajazaliwa, kwamba kuta zake ni za buluu iliyofifia na meza ya kupigia pasi imebonyea katikati, kwamba mwisho wa mwezi mama anafunga kwa kuwa mikono imechoka na wateja wamehamia kwenye mashine, na kwamba hii ni historia ambayo haifai kupotea. Alikuwa bado anayo mengine pale moto ulipomfikia Mwalimu. Mwalimu akaitupa njiti kwenye kopo la maji, akapuliza vidole.

"Umenionyesha jengo," akasema. "Jengo zuri, hata ile meza nimeipenda. Lakini nani anataka nini humo ndani? Na asipokipata itakuwaje?"

Kibanio alijitetea kwamba yeye anataka kumbukumbu ya mama yake. Mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni haja ya mwenye kamera, na kila mwenye kamera anayo. Aende akatafute haja ya mwenye duka. Dereva wa ambulansi alimwonea huruma, akamsogezea kiti.

Alirudi nyumbani kwa miguu akiwa na hasira, ile ya mtu aliyeambiwa kweli. Mama anataka nini? Mama alikuwa mtu wa kutaka jua litoke na mvua ikae mbali na kamba zake. Zaidi ya hapo Kibanio hakuwahi kumuuliza, na nadhani wengi wetu hatujawahi kuwauliza wa kwetu.

Lakini kichwa kikishaanza kurudi nyuma hakisimami pale ulipokituma. Alichokiona yeye kilikuwa mashuka. Enzi zile duka lilikuwa la wawili, mama na mdogo wake, ambaye Kibanio alimwita mama mdogo. Walifulia gesti ya karibu na stendi, na mashuka ya gesti hayaishi. Ukimaliza ya leo, ya kesho yameshalaliwa. Shuka kubwa linataka watu wawili kulikunja vizuri. Basi walisimama mmoja huku na mmoja kule, kila mtu na pembe zake mbili, na mama, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye aliyetoa amri. "Vuta," anasema, na wote wanaegemea nyuma mpaka shuka linalia na mikunjo inatoka. Kisha anasema "Njoo," na mama mdogo anakuja na pembe zake, wanakutana katikati, vidole vinagusana, pembe zinahama mikono, mmoja anainama kuokota mkunjo wa chini. Vuta, njoo. Vuta, njoo. Walifanya hivyo huku wakisengenya wateja, wakicheka, wakibishana kuhusu chumvi ya mchuzi wa jana, na amri ile haikukosa mahali pake.

Na katikati ya shughuli hiyo palikuwa na nafasi ya Kibanio. Kuna wakati walilinyanyua shuka juu kwa pamoja, likajaa hewa, naye akapita chini yake mbio kutoka upande wa mlango hadi upande wa meza kabla halijashuka. Chini ya shuka mwanga ulikuwa mweupe na kulikuwa na ubaridi, na hewa ilinukia sabuni na pasi ya moto. Akichelewa, linamfunika, na mama mdogo anauliza kwa sauti ya mteja kama kuna mtu ameona mtoto mdogo aliyepotea. Kibanio hakuwahi kujiona salama mahali popote kama alivyojiona hapo. Alilia kidogo njiani alipopakumbuka, akasingizia vumbi, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kisha ikaja habari ya mashine. Mama mdogo alitaka wanunue mashine ya kufulia. Mama akauliza mikono yake ina kasoro gani. Ilianza kama mzaha wakati wa chai, ikawa mjadala, ikawa maneno, na maneno yakafika pale ambapo mtu hawezi tena kusema alikuwa anatania. Mama mdogo akaondoka, akafungua duka lake mtaa wa juu, la mashine, lenye mlango wa kioo. Hawakugombana tena kwa sababu hawakuonana tena, isipokuwa misibani, ambako walisalimiana kwa adabu mno, kama watu wasiojuana. Kibanio alikwenda kote kuwili, na kote alipewa chai, na hakuna upande uliomuuliza habari za upande wa pili. Mama akapigilia msumari mkubwa ukutani, akaufunga kamba yenye vibanio viwili (vya nguo, si huyu wetu), na tangu hapo pembe mbili za kila shuka zikawa zinashikwa na ukuta.

Aliposimama kunadi mara ya pili, Kibanio hakuwa na maneno ya kwenye kioo. Njiti ikawaka.

"Mama yangu ni dobi," akasema. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi anafunga duka. Kabla hajafunga, anataka mdogo wake aje wakunje shuka pamoja, hata mara moja. Asipokuja, mama ataondoka pale hana mwenzake ila msumari."

Njiti ilikuwa haijafika hata nusu. Mwalimu akaipuliza kwa hiari yake, jambo ambalo darasa lilikuwa halijawahi kuliona, na nesi mstaafu akapiga makofi peke yake.

"Hiyo nenda kaipige," Mwalimu akasema. "Lakini ni kweli? Mama amekuambia anamtaka?"

Kibanio akasema ndiyo. Ukweli ni kwamba mama hakuwa amesema lolote. Alilisema Kibanio mwenyewe kwa sababu alilitamani, na alijua hivyo hata kabla hajakaa kitini. Sasa alikuwa na hadithi, ila hakuwa na hakika kama ni ya mama au ni yake, na kama ni yake tu, basi alikuwa amewadanganya watu wazima wenzake na anakwenda kumsumbua mama bure.

Mwalimu alimwazima kamera ndogo na miguu yake mitatu, akamwongezea mawaidha. Mpiga picha haingii kwenye picha yake, hiyo ilikuwa sheria. Halafu, alisema, watu wakihojiwa wanaogopa taa nyekundu na wanaogopa sura zao. Basi bandika kipande cha plasta juu ya ile taa ya kurekodi, na ufunge kioo kidogo cha pembeni ili mama asijione akaanza kurekebisha kilemba. Ulikuwa ushauri mzuri kwa mtu mwenye uzoefu. Kwa mtu ambaye kamera ndiyo kwanza anaishika, ni sawa na kumfunga kitambaa machoni ukamwambia aendeshe gari.

Siku ya kupiga picha alimkuta mama amevaa gauni la harusini. Kibanio alimwomba avae la kazi, na mama akamuuliza ni wapi amewahi kuona mtu anapigwa picha na gauni la kazi. Wakapatana gauni la kazi na kilemba cha harusini. Kibanio akaweka kiti chini ya ukuta wa msumari, akaisimamisha kamera, akaihangaikia huku na kule mpaka ikatulia, akabandika plasta, akafunga kioo, akabonyeza kitufe, akaanza kuuliza. Mama alikaa wima kama wa picha ya kitambulisho, akajibu kwa lugha ya redioni. Duka lilianzishwa zamani, wateja walikuwa wengi, anawashukuru wote. Kibanio akamsogeza polepole hadi kwa mama mdogo.

"Mdogo wangu yuko salama na mashine zake," mama akasema. "Na mimi niko salama na mikono yangu."

"Humkumbuki?"

"Nimkumbuke, kwani amekufa? Zima hiyo, nina mashuka ya watu."

Kibanio akabonyeza kitufe, akaiacha kamera pale pale, akabeba nguo zilizokuwa tayari kuwapelekea wateja wa mtaa wa nyuma. Njiani alikuwa mnyonge kabisa. Jibu alikuwa amelipata, na lilikuwa hapana. Aliporudi, mama alikuwa anamaliza shuka la mwisho. Akapiga picha chache za pasi na za makapu, akibonyeza kuanza na kubonyeza kumaliza, akafungasha vyombo akaondoka.

Kipindi kilichofuata Mwalimu aliunganisha kamera na kompyuta ili waone alichopata. Ilianza na dari. Ukafuata ukuta ukiyumba, kidole cha Kibanio, mama akinyoosha kilemba, kisha ikakatika. Maswali hayakuwepo. Majibu hayakuwepo. Kilichokuwepo baada ya hapo ni mama akiinuka kwenye kiti, na mwishoni kabisa vipande vya sakafu na viatu vya Kibanio vikitembea kutoka pasi moja kwenda nyingine.

Mwalimu alielewa kabla yake. Kidole kiliigusa kamera wakati wa kuisimamisha, ikaanza kurekodi yenyewe. Kibanio alipobonyeza kuanza, ndipo alipoizima, na alipobonyeza kuzima, ndipo alipoiwasha. Kuanzia hapo kila kitu kilikwenda kinyume, na plasta ikamfanya asijue. Dereva wa ambulansi aliangua kicheko kisha akajiziba mdomo. Kibanio alitamani ardhi ipasuke. Mwalimu akawaambia kwamba hilo linawapata wengi, hata yeye aliwahi kupiga harusi nzima kwa mtindo huo, akabaki na bwana harusi anatafuta kiatu na ndoa hana. Kisha akampa Kibanio vipokea sauti vya masikioni, akamwambia ayaangalie hata hayo ya bahati mbaya mpaka mwisho, maana ndiyo aliyonayo.

Basi akaangalia. Mama alikisogeza kiti, akavua kilemba cha harusini akafunga cha kazi. Akachukua shuka, akazibana pembe mbili kwenye vibanio vya msumari, akarudi nyuma na pembe zake mbili mpaka shuka likanyooka. Duka lilikuwa kimya. Ilisikika nyundo ya mtu wa mbali.

"Vuta," mama akauambia ukuta.

Akaegemea nyuma, shuka likalia. Kisha akasema, bila kupaza sauti, kama anayejua atasikiwa, "Njoo." Akasimama. Alisimama na pembe zake mkononi kwa muda ule ambao mtu wa upande wa pili angeuhitaji kutembea hadi katikati. Halafu akaenda mwenyewe mpaka kwenye msumari.

Akachukua shuka jingine, ikawa vilevile. Akasema vuta, akasema njoo, akasubiri, akaenda. Ikawa hivyo kwa kila shuka hadi kapu likaisha, na usoni hakuwa na huzuni wala nini, alikuwa mtu yuko kazini.

Kibanio alivua vipokea sauti akavishika mapajani. Alilia wazi, safari hii hakuhangaika na vumbi. Wengine wakasikiliza mmoja mmoja. Mwalimu akasema taratibu kwamba filamu ni hiyo, asitafute nyingine.

"Lakini umetuambia mama alisema zima," nesi mstaafu akasema. "Anajua ilikuwa imezimwa."

Mashine ya nakala ilinguruma chini.

"Basi bado si yako," Mwalimu akamwambia Kibanio. "Kamwombe."

Mama alikataa katakata. Hajawahi kuzungumza na ukuta, yeye si mwehu, na hivi vyombo vya siku hizi vinaweza kumtia mtu maneno mdomoni. Kibanio hakubishana. Aliiweka kamera juu ya meza ya pasi, pale palipobonyea, akafungua kile kioo kidogo. Mama akavaa miwani ambayo Kibanio mwenyewe alimchagulia, akatazama. Likapita shuka la kwanza, likapita la pili. Mkono wake ulipanda shingoni ukabaki huko.

"Huwa nasema hivyo?"

"Kila shuka, mama."

"Tangu lini?"

Kibanio akasema labda tangu msumari. Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji, na muuza miwani akaliona hilo asiseme.

"Futa," mama akasema.

Kibanio akaichukua kamera. Filamu yote ilikuwa ni hiyo, na duka lilikuwa linafungwa Jumamosi. Lakini mama alikuwa amesema izimwe, na yeye alimwacha aamini kwamba imezimwa. Akatafuta mahali pa kufutia. Kamera ikamuuliza kama ana hakika. Akaweka kidole.

"Hebu ngoja," mama akasema. Alikuwa anapanga soksi za watu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Mama yako mdogo ameiona?"

"Hapana. Ningemwonyeshaje bila wewe kujua?"

"Sijasema umwonyeshe." Akapanga soksi nyingine. "Nasema tu, mtu akienda kwake na kitu hicho, mimi sitajua. Nitakuwa humu napiga pasi."

Kibanio aliondoka kabla mama hajabadili mawazo, hata mkoba akausahau.

Kwa mama mdogo kulikuwa na joto na mngurumo, nguo zikizunguka nyuma ya vioo vya duara. Mama mdogo alikuwa amenenepa, na siku hizi alitembea kwa kuegemea vitu. Alidhani mwanawe amekuja kunywa chai. Kibanio akamvisha vipokea sauti ili asikie juu ya kelele za mashine, akamwachia kamera mkononi.

Alianza kuangalia akiwa amesimama. Baadaye akakaa. Mteja akaingia akasalimia, akajibiwa kwa mkono tu. Picha ilipoisha, mama mdogo aliendelea kukishika kile kioo kilichokuwa cheusi.

"Anakunja vibaya," akasema hatimaye. "Ile pembe ya kushoto imeteremka."

"Iko kwenye msumari, mama mdogo."

"Ndiyo maana." Akamrudishia vyombo vyake. "Anafunga lini?"

"Jumamosi."

Mama mdogo akaitikia kwa kichwa, akaenda kuvuta mlango wa mashine iliyokuwa bado inazunguka, haukufunguka, akaugombeza. Hakuahidi kitu. Kibanio hakumlazimisha, alimjua vizuri.

Jumamosi ilipofika, duka lilikuwa karibu tupu. Meza ya pasi ilikwishachukuliwa na fundi cherehani wa jirani, kamba za uani zimeviringishwa. Vilibaki kiti, kapu moja la mashuka ya gesti, na msumari. Kibanio alisimamisha kamera, na safari hii alibandua plasta. Aliitazama taa nyekundu, akazima, akawasha, akaitazama tena. Mama akamuuliza kama kamera inaumwa. Kisha, huku amempa mgongo, akatoa hukumu yake juu ya ile picha ya ukuta.

"Asipokuja leo, uifute. Akija, fanya unavyotaka."

Ila hakuanza kukunja. Alifagia sakafu iliyofagiwa. Alipanga mabaki ya sabuni dirishani, akayapangua. Jua lilipanda, mashuka yakiwa kapuni, na hakuna kati yao aliyeutaja mlango ingawa wote walikuwa wanautazama. Wakati wa chakula ukapita. Mwishowe mama akasema gesti wanataka mashuka yao, akainuka, akabana pembe mbili kwenye msumari, akarudi nyuma.

Safari hii hakusema kitu. Alishajijua. Alivuta kimya, akaenda kimya hadi ukutani, midomo ameikaza. Kibanio alimwona kupitia kamera na akaelewa kwamba amemnyang'anya mama hata kile kidogo alichokuwa nacho. Alijuta kwa dhati. Akanyoosha mkono aizime.

"Mbona husemi?" ikauliza sauti mlangoni. "Tangu lini shuka likakunjwa kibubu?"

Mama mdogo alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, anatweta kwa kutembea. Mama hakugeuka mara moja.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa na mashine."

Neno hilo lingeweza kuharibu kila kitu, na wote watatu walilisikia. Mama mdogo mwenyewe alifumba macho kana kwamba amejikwaa. Kisha mama akacheka kidogo kwa puani, na mdogo wake akaingia, akapandisha macho hadi kwenye msumari, akaviachia vibanio kimoja baada ya kingine, akazishika pembe mbili. Kamba ikabaki inaning'inia.

"Vuta," mama akasema.

Mama mdogo akavuta.

"Njoo."

Akaja. Alikuja polepole kwa miguu yake ya sasa, na mama akamsubiri katikati. Vidole vikagusana, na hakuna aliyeharakisha kuachia. Kisha wakachukua shuka jingine, na jingine, na kufikia nusu ya kapu walikuwa wameshaanza kubishana nani anavuta zaidi upande wake. Kibanio alitulia nyuma ya kamera na furaha iliyomjaa mpaka ikawa inamuuma.

Walipofika shuka la mwisho walilinyanyua juu kwa pamoja, likajaa hewa. Lakini hawakulishusha. Walisimama wamenyoosha mikono, wanalipeperusha lisianguke. Kibanio akaondoa jicho kwenye kioo kuona kuna nini, akakuta wanamtazama yeye.

"Unangoja nini?" mama mdogo akasema. "Mikono inauma."

Kibanio aliikumbuka sheria ya Mwalimu. Akaitazama kamera, akaitazama taa yake nyekundu, akaviacha vyote hapo akaenda. Aliingilia upande wa mlango, na ikabidi ainame, maana sasa alikuwa mrefu kuwapita wote wawili. Mwanga wa chini ya shuka ulikuwa ule ule, na ile harufu ya sabuni. Alifika katikati akasimama badala ya kukimbia, na shuka likamshukia kichwani na mabegani mpaka miguuni.

"Jamani," akasikia sauti ya mama mdogo nje ya kitambaa, "kuna mtu ameona mtoto mdogo aliyepotea?"

"Yumo humu," mama akajibu. "Mwache kidogo."

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nyuma ya kamera hapakuwa na mtu.